Kabla ya kuuliza jenereta la kilowati ngapi

Swali la msomaji, kwa kifupi: Umeme wetu hukatika mara kwa mara, kwa saa tatu hadi nane. Nyumbani tuna friji, friza, taa nane za LED, televisheni, ruta ya intaneti, kompyuta ndogo mbili, pasi, na pampu ya maji ya HP 1 inayojaza tangi la juu. Mama anatumia insulini na tunaitunza kwenye friji. Muuzaji ananishauri nichukue jenereta la kVA 6.5 ili nisisumbuke tena. Rafiki yangu ana dogo la inveta (lenye sakiti ya kielektroniki inayolainisha umeme) la kilowati 2, anasema linamtosha. Nimepanga kuliweka kwenye baraza ya nyuma, ndani ya grili, kwa ajili ya mvua na wezi. Nichukue lipi?

Ndugu yangu, jibu la ukubwa nitakupa, tena kwa hesabu. Ila kilichonishtua katika swali lako si kilowati, ni hiyo baraza. Jenereta halikai barazani. Halikai hapo hata kama upande mmoja uko wazi, hata kama grili inapitisha upepo, hata kama utaliwasha nusu saa tu.

Moshi wa injini ya petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu na isiyowasha koo. Ile harufu ya moshi unayoijua inatokana na vitu vingine vilivyomo. Sumu yenyewe pua haiioni. Ikiingia mapafuni hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka kama kawaida huku haibebi oksijeni ya kutosha. Mtu huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, miguu ikalegea, akadhani ni uchovu au amekula kitu kibaya. Aliyelala hapati hata nafasi ya kudhani. Jenereta moja dogo la kubeba linaweza kutoa gesi hii sawa na mamia ya magari, kwa sababu gari la kisasa lina kichujio kwenye bomba la moshi na majenereta mengi ya nyumbani hayana. Barazani moshi hugonga dari, ukarudi, ukapenya kwenye dirisha la jikoni na chini ya mlango. Kufungua madirisha hakukuokoi. Mara nyingine ndiko kunakouvuta ndani.

Kipimo kinachotolewa na tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa za watumiaji ni angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi likiwa limeelekezwa mbali na watu, milango na madirisha. Hesabu na madirisha ya jirani, maana naye analala. Kwa mvua, jenga paa dogo la bati juu ya nguzo nne za chuma, pande zote nne wazi, juu ya zege lililoinuka kidogo ili maji yasituame. Acha mita moja au zaidi kila upande injini ipate hewa ya kupoa. Kwa wezi, zika pete ya chuma ndani ya hilo zege likiwa bado bichi, kisha pitisha mnyororo mnene kwenye fremu ya jenereta. Na ndani ya nyumba, karibu na vyumba vya kulala, weka king'ora cha kaboni monoksaidi chenye betri yake. Majenereta mapya kadhaa yana kihisi kinachozima injini gesi hiyo ikizidi. Ukikipata ni jambo jema, lakini hakikupi ruhusa ya kulisogeza karibu.

Pima kwa futi kamba leo, kabla hujarudi dukani. Kama kiwanja chako hakina hizo mita sita, jibu langu linabadilika kabisa: usinunue jenereta la aina yoyote. Weka fedha hiyo kwenye betri na inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe wa kutumia nyumbani, au sanduku la umeme la betri ya lithiamu, ukichaji umeme ukiwepo au kwa paneli za sola. Halitoi moshi, unaliweka sebuleni, na kwa mzigo wa kwako, yaani umeme unaovutwa na vifaa vyako, bila pasi na pampu litafanya kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Tuseme mita sita unazo. Sasa mzigo.

Kila kifaa chenye mota kina mahitaji mawili, ya kuanza na ya kuendelea. Ni kama kusukuma gari lililozimika: kulitoa pale liliposimama ndiyo kazi, likishaanza kubingirika mkono mmoja unatosha. Mota ya kawaida ikianza huvuta mara tatu hadi saba ya umeme wake wa kuendelea, kwa sekunde moja au mbili. Hapo ndipo majenereta madogo hukwama, na hapo ndipo wauzaji hupata sababu ya kukuuzia kubwa mno.

Tuchukue vitu vyako. Friji ya kawaida hula wati 150 hivi kompresa, yaani mota yake ya kupooza, ikizunguka, friza tuseme 180. Taa nane za wati 9 ni 72. Televisheni 100, ruta 15, kompyuta mbili 110. Jumla ni wati 627. Sasa ongeza mshtuko wa kompresa moja ikianza, unaoweza kufika wati 1,000 kwa friji ya ukubwa wa nyumbani. Unapata kama wati 1,630. Nimehesabu kompresa moja kwa sababu mbili kuanza katika sekunde ileile hutokea kwa nadra. Na kama friji yako ni ya kompresa ya inveta, huanza polepole na huo mshtuko karibu haupo. Namba hizi ni za kukuonyesha njia. Zako halisi ziko kwenye bamba nyuma ya kila kifaa. Ukikuta ampea badala ya wati, zidisha ampea kwa volti.

Hesabu hiyo inalipa jenereta la rafiki yako haki yake. La inveta lenye wati 1,800 za kudumu na 2,200 za muda mfupi linabeba vyote hivyo na linabaki na pumzi.

Zimebaki pampu na pasi. HP 1 ni wati 746 za kazi kwenye shafti, lakini mota hupoteza sehemu kwa joto, kwa hiyo kwenye waya huvuta wati 1,000 hadi 1,100, na ikianza inaweza kudai 3,000 au zaidi. Jenereta la kilowati 2 litakaba na kuzima. Lakini wewe una tangi juu! Tangi lililojaa ni maji yaliyokwisha kupandishwa. Weka boya la swichi ili pampu ijaze tangi yenyewe kila umeme unapokuwepo, na saa nane za giza zitapita bila kuhitaji pampu hata mara moja. Boya la swichi ni kifaa kidogo tu, na hapa linafanya kazi ambayo muuzaji anataka uinunulie jenereta zima la kVA 6.5. Pasi nayo haina mshtuko wa kuanza, ila hula wati 1,000 hadi zaidi ya 2,000 bila kupumzika. Nguo zisubiri umeme urudi. Birika la umeme na hita ya kuogea ziingie kwenye orodha hiyohiyo ya vitu vya kusubiri.

Ukiniambia tangi ni dogo, au mnaishi wengi na pampu lazima izunguke umeme ukiwa haupo, basi panda hadi jenereta la kilowati 3 hadi 3.5 za kudumu, na pampu iwe ya kwanza kuwashwa, friji na friza zikiwa zimechomolewa. Sioni sababu ya kupita hapo.

Najua hoja ya muuzaji: kubwa halichoki. Angalia anachokuficha, au pengine hajui. Injini ya jenereta la kawaida, lisilo la inveta, lazima iwe na mizunguko ileile muda wote, 3,000 kwa dakika kwa umeme wa hezi 50 na 3,600 kwa hezi 60, uwe umewasha nyumba nzima au balbu moja. La kVA 6.5 likibeba wati 400 tu hunywa lita moja ya petroli na zaidi kwa saa, na kelele ni ileile. La inveta la kilowati 2 hupunguza mwendo mzigo unapopungua. Likibeba robo ya uwezo wake hunywa karibu nusu lita kwa saa. Katika saa sita za usiku tofauti hiyo inaonekana kwenye dumu. La dizeli ndilo linaloteseka zaidi ukilipa mzigo mdogo: mafuta hayaungui yote, masizi na mafuta yasiyoungua hujaa kwenye bomba la moshi, injini ikaanza kuzeeka kabla ya siku zake. Dizeli ni ya mwenye mzigo mzito unaodumu kwa saa nyingi kila siku, na huyo si wewe.

Kuna jambo jingine linalopunguza ukubwa na petroli kwa pamoja: jenereta si lazima lizunguke saa zote ambazo umeme haupo. Friji iliyofungwa vizuri hubaki na baridi ya kutosha kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi karibu saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Kwa hiyo umeme ukikatika kwa saa tatu, friji na friza hazihitaji chochote zaidi ya watoto kuacha kufungua mlango. Ukikatika kwa saa nane, washa baada ya saa tatu au nne, acha lizunguke saa moja na nusu au mbili, zima. Taa chache na ruta huhitaji wati 50 tu. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 100 ya risasi na asidi, ukitumia nusu yake tu ili isife mapema, ina wati-saa 600, yaani saa kumi na zaidi za taa na intaneti bila kelele. Mimi ningekushauri uwe na vyote viwili, jenereta dogo na betri ndogo, kuliko jenereta moja kubwa. Usiku watu wanahitaji kulala, majirani pia.

Insulini ya mama isiwe sababu ya hofu inayokufanya ununue kubwa. Ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Iliyoanza kutumika, kwa aina nyingi, huvumilia joto la chumba lisilozidi nyuzi 30 kwa wiki nne hivi. Soma karatasi ya dawa yenyewe au muulize mfamasia, maana aina hutofautiana. Weka kipimajoto ndani ya friji, rafu ya kati, ili usiwe unakisia. Na usiikimbizie kwenye friza umeme ukikatika. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana sawa.

Sasa twende dukani. Usisome namba iliyoandikwa kwa rangi ubavuni. Mara nyingi hilo ni jina la modeli, na 6500 kubwa inayong'aa haikuahidi kitu. Soma bamba dogo la chuma. Litakuwa na nguvu mbili: ya juu kabisa, ambayo injini huimudu kwa muda mfupi, na ya kudumu, inayoweza kutolewa saa baada ya saa. Nunua kwa ile ya kudumu. Tena kVA si kilowati. Kwenye bamba tafuta cos φ, namba inayoonyesha ni sehemu gani ya kVA inakuwa kilowati, zidisha: ikiwa ni 0.8, kVA 6.5 ni kilowati 5.2. Hakikisha volti na hezi ni za nchi unayoishi.

Kama unaishi nyanda za juu, punguza tena. Hewa ikiwa nyepesi injini hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko; mita 1,800 juu ya bahari umeshapoteza moja ya tano. Wati 1,800 za bambani zinakuwa 1,440 hivi, na zile 2,200 za muda mfupi zinashuka hadi 1,760, bado juu ya hesabu yetu lakini pumzi imepungua sana. Huko ningechukua saizi moja juu, na ningemuuliza muuzaji kama kabureta ina jeti ya mwinuko, kitundu cha petroli kilichopimwa kwa hewa nyepesi.

Inua ukingo mmoja wa jenereta usikie uzito wake. Majenereta mawili ya kawaida ya nguvu sawa kwa maandishi, moja likiwa jepesi sana kuliko jingine, mara nyingi jepesi lina nyaya za alumini ndani ya altaneta, sehemu inayozalisha umeme, na zito lina shaba. Shaba huvumilia joto vizuri zaidi, na fundi huifunga upya kwa urahisi zaidi. Kipimo hiki ni cha majenereta ya kawaida; ya inveta huwa mepesi kwa asili yake. Kisha mwambie muuzaji aliwashe palepale, achomeke pasi au hita, wewe ukiangalia volti. Likisikika kuzama kidogo na kuinuka, sawa. Taa zikipepesa mfululizo au volti ikiyumba, mshukuru uondoke.

Kwa vifaa vya kielektroniki la inveta lina faida nyingine: umeme wake ni laini, karibu sawa na wa gridi. La kawaida lenye kidhibiti volti halitaunguza televisheni yako likiwa zima, ila baadhi ya UPS (betri za akiba za kompyuta) huukataa umeme wake, na ukizima kifaa kizito ghafla volti hurukaruka. Upande wa pili nao niuseme: sakiti ya inveta ikiungua, fundi wa mtaani mara nyingi haiwezi, na bodi mpya ni gharama kubwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza kama bodi, kabureta na kamba ya kuwashia vya modeli hiyo vinapatikana. Muuzaji asiponipa jibu la spea, mimi sinunui, hata bei iwe nzuri vipi. Vijenereta vidogo vya kuchanganya oili na petroli, vya chini ya kilowati moja, viache. Vinabeba taa na televisheni lakini kompresa ya friji ya kawaida huvizidi, na moshi wake ni mchafu.

Kuunganisha kuna njia mbili salama. Ya kwanza ni waya wa kurefushia kutoka kwenye jenereta hadi kwenye kila kifaa. Kwa umbali wako tumia waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, wa kutumika nje, uliokunjuliwa wote. Ukiuacha umeviringwa kwenye gurudumu lake na mzigo mkubwa ukapita, hupata moto. Ya pili ni chenjiova, swichi inayofungwa na fundi umeme mwenye leseni kwenye boksi la umeme, ambayo kimaumbile haiwezi kuunganisha gridi na jenereta kwa wakati mmoja. Mwachie fundi huyo huyo suala la ethi na nyutro, maana majenereta hutofautiana na kikata-umeme cha usalama kinaweza kisifanye kazi kikiunganishwa vibaya.

Iko njia ya tatu ambayo mtu atakuonyesha: waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya ukutani. Mkatalie, hata akiwa ndugu. Umeme huo hutoka nje kupitia mita yako, hufika kwenye transfoma ya mtaani, na transfoma hufanya kazi pande zote mbili: volti zako chache hupandishwa kuwa maelfu kwenye nguzo ambayo mafundi wamepanda wakiamini waya umekufa. Na meno ya plagi iliyochomoka nyumbani yana umeme hai mtoto akiyashika. Gridi ikirudi ghafla, jenereta linaweza kuwaka moto.

Kuliwasha: lianze bila mzigo, lipashe dakika mbili tatu, kisha kifaa chenye mota kubwa kwanza, vidogo baadaye. Friji iliyozimika ipe dakika tano kabla ya kuirudishia umeme. Ukizima, toa mizigo kwanza. Usisubiri petroli iishe huku friji inazunguka, kwa sababu volti hushuka kabla injini haijazima na mota hupata moto. Kuongeza mafuta ni baada ya kuzima na kusubiri dakika 15 au zaidi. Petroli ikimwagikia ekzosi ya moto haikupi nafasi ya pili. Dumu lake lisikae ndani ya nyumba.

Kinachoua majenereta ya dharura ni kukaa. Petroli huzeeka ndani ya miezi michache na kuacha utomvu kwenye kabureta, kisha siku ya haja unavuta kamba mpaka bega linauma. Kila mwezi liwashe dakika 20 likiwa na mzigo. Kama litakaa muda mrefu, funga bomba la mafuta na uliache lizunguke hadi lizime lenyewe, kabureta ibaki kavu. Mengi husafirishwa bila oili ndani, kwa hiyo mimina kabla ya kuvuta kamba mara ya kwanza. Oili hiyo ya kwanza ibadilishe baada ya saa 20 za kazi, kwa kuwa injini mpya huacha chembe za chuma. Baada ya hapo kila saa 100 au kama kitabu chake kinavyosema. Siku utakayolinunua, chukua palepale plagi ya injini ya akiba, chujio la hewa, oili ya kubadilisha mara mbili, boya la swichi la tangi na king'ora cha kaboni monoksaidi. King'ora kifungwe kwanza, kabla jenereta halijawashwa.